Shahada ya Ardhi ya Jeshi Inafaa Kuanzia Olmotonyi

Hoja kwamba masomo ya uzamili katika usimamizi wa maliasili kwenye ardhi ya jeshi ni anasa ya mataifa tajiri haina mashiko. Nchini Marekani, Sheria ya Sikes ya 1960, iliyoimarishwa mwaka 1997, inazitaka kambi zenye maliasili ya kutosha ziwe na mpango jumuishi, yaani waraka unaooanisha mazoezi ya kivita na uhai wa udongo, maji, mimea na wanyama. Haja ya mpango kama huo haitegemei utajiri, kwani eneo la kulengea shabaha lina sura mbili popote lilipo: kwa kuwa raia hawaingii, shoka na mifugo huzuiwa na uoto hurejea, lakini risasi ya kumulika ikiangukia nyasi kavu huwasha moto, na magari mazito yakipita njia ileile kwenye udongo wa volkano huacha mfereji ambao mvua za masika huugeuza korongo. Hapa Tanzania, jirani na Ngaramtoni mkoani Arusha, kipo Chuo cha Misitu Olmotonyi, upo msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli hakiko mbali. Taasisi hizo zikutane, ziandae mtaala wa masomo hayo ya uzamili.