Zege Halijui Kiingereza

Wako watu wanaoamini kuwa uhandisi ni elimu ya Kiingereza, na kwamba anayeueleza kwa Kiswahili anaishusha hadhi taaluma. Mimi si mhandisi. Kazi yangu ilikuwa kuandaa walimu chuoni. Lakini tofauti ya kujua na kukariri naifahamu, na juu ya hilo siwezi kunyamaza.

Hapa Pasua nilisimama na kijana wa jirani, mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu, mahali fundi alipokuwa akifunga nondo za lenta ya mlango. Nikamwuliza kwa nini nondo kubwa zinalazwa chini. Akaniandikia mchangani kanuni yenye herufi za Kigiriki. "Sasa mweleze fundi," nikamwambia. Akajibu, "Mwalimu, hiyo kwa Kiswahili haisemeki."

Yasemeka! Lenta ikilemewa, mgongo wake unabanwa na tumbo lake linavutwa. Zege ni hodari kwa kubanwa, lakini uwezo wake wa kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi. Ndipo chuma kinapoitwa. Tena viwili hivyo hutanuka karibu sawa kwa joto, ndiyo maana haviachani. Roshani inayochomoza ukutani ni kinyume: mgongo ndio unaovutwa, na nondo lazima ziwe juu. Fundi aliyezoea "nondo chini" bila kuambiwa sababu atajenga roshani itakayoua watu. Nani atamwambia, ikiwa mhandisi wake hana maneno?

Kijana huyo hufundishwa kompositi, yaani vitu viwili vilivyoungwa ili kimoja kifidie udhaifu wa kingine, kana kwamba vilizaliwa na ndege. Ni kweli Boeing 787, ambayo Air Tanzania iliipokea mwaka 2018, karibu nusu ya uzito wake ni vitu hivyo. Lakini nyumba za fito na udongo tulimokulia zilisimama kwa kanuni hiyo hiyo. Mkonge wetu nao umejaribiwa katika vigae vya saruji, ikaonekana alikali ya saruji hula nyuzi zake. Kuzikinga nyuzi hizo ni swali linalotuhusu sisi kuliko watu wa Seattle.

Husemwa hatuna istilahi. BAKITA ipo tangu 1967, na TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, haikuwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikakiruhusu katika ngazi zote, na vyuo vyetu vya uhandisi vingali vilevile. Kilichopungua si maneno, ni nia.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Vitabu vingi vimo humo. Nadai jambo dogo: asipewe shahada ya uhandisi mtu asiyeweza kumweleza fundi, kwa Kiswahili na mbele ya mtahini, kwa nini nondo iko pale ilipo. Mchoro huandikwa ofisini, lakini nyumba hujengwa na fundi, na watakaolala ndani yake ni watoto wetu.