Joto Lisiloonekana: Rimu za Aloi na Moto wa Fundi

Barabara za changarawe za wilaya za Tarime na Serengeti hazina huruma kwa magurudumu. Rimu ikigonga jiwe hupinda, rangi ikabanduka, na mwenye gari hutaka inyooshwe kwa moto na kupakwa rangi upya. Kabla ya kuitia motoni rimu ya aloi ya aluminiamu, hatuna budi kuuliza: joto litafika nyuzi ngapi, na kwa muda gani?

Aluminiamu tupu ni laini. Kwa kawaida watengenezaji wa rimu huichanganya na silikoni, kiasi cha asilimia 7, na magnesiamu kidogo. Aghalabu huipasha joto hadi karibu nyuzi 540 za Sentigredi, huizamisha majini ghafula, kisha huioka kwa saa kadhaa katika nyuzi zipatazo 160. Wakati wa kuokwa hujitokeza chembe ndogo mno za magnesiamu na silikoni, ambazo huzuia tabaka za metali zisiteleze. Nguvu ya rimu hutokana sana na chembe hizo. Msingi wa elimu hii uliwekwa na Mjerumani Alfred Wilm, aliyegundua mwaka 1906 kuwa aloi ya aluminiamu iliyopozwa ghafula huzidi kuwa ngumu baadaye.

Rangi ya unga huokwa katika nyuzi 180 hadi 200 hivi, kwa dakika 10 hadi 20. Muda huo ukizingatiwa, hasara ni ndogo. Rimu ikiachwa tanurini kwa saa nyingi, chembe hukua, idadi yake hupungua, na nguvu hushuka. Hatari kubwa zaidi ni kuichoma rangi ya zamani au kuinyoosha rimu kwa moto wa gesi. Nyuzi 300 na zaidi huilainisha upesi.

Hapo jicho la mhunzi hudanganyika. Chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka. Aluminiamu huyeyuka bila kuonyesha wekundu. Rimu iliyodhoofika yaweza kung'aa kama mpya, kisha ikapasuka shimoni ikiwa imebeba abiria.

Kwa maoni yangu, karakana isiyo na kipimajoto isioke rimu za aloi, na rimu iliyopasuka itupwe. Nao walimu wa fizikia na kemia wa Tarime na Mugumu wasiishie kuchemsha maji katika somo la joto. Wawapeleke wanafunzi karakanani, wajifunze kwa fundi na fundi ajifunze kwao. Sayansi inayobaki daftarini haimlindi msafiri.