Chungu cha Mchukuzi Wakati wa Vita



Twaomba nafasi kidogo tunene juu ya jambo lisahauliwalo vita vitajwapo: je, akaaye mji wa bandari huishije? Manowari na mizinga husifiwa. Chungu cha mchukuzi hakitajwi.

Na tutazame Mombasa. Mwezi wa Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Colombo, na manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zikahamia Kilindini. Kazi ikazidi, watu wakaja kuitafuta, vyumba vikawa haba. Mwaka wa 1943 mvua zilikosekana, na mahindi yakawa adimu katika nchi ya Kenya. Basi mtu wa mshahara hana shamba mjini. Shamba lake ni duka. Bei ikipanda na mshahara ukisimama, ni sawasawa na kukatwa mshahara, ijapokuwa daftari haionyeshi upungufu hata wa senti moja.

Wako wasemao ya kuwa wakati wa vita kila mtu hana budi kuvumilia. Nasi twakubali. Lakini uvumilivu hauliwi, na mwenye njaa hana miiko. Tena onyo lilikwisha kutolewa mapema: Julai na Agosti 1939, kabla vita havijaanza, watu wa kazi wa Mombasa waligoma kwa ajili ya ujira na kodi za nyumba. Vita vikaisha mwaka wa 1945, deni likabaki. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapata 15,000 waliacha kazi, na mgomo ukaendelea siku 12. Baada ya hayo ndipo baraza lilipowekwa kupima mishahara, na nyongeza ikatolewa. Je, haikuwa nafuu kupima kabla ya watu kuweka kazi chini?

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Sisi tushikao kalamu tusiandike tani za shehena peke yake. Na tuandike kila mwezi bei ya unga, ya mafuta ya taa, na kodi ya chumba, tuziambatishe na maombi ya chama. Malalamiko matupu hukataliwa upesi. Hesabu iliyo sahihi hudai jibu. Wala karani asijidhani kuwa yu mbali na mchukuzi, maana wote wawili hununua unga katika duka moja.