Bati Lipo, Maji Yanamwagika: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Newala

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Newala.

YAH: KUKINGA MAJI YA MVUA KWENYE MAJENGO YA UMMA, MNYAMBE

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kabla minada ya korosho haijafunguliwa, maana fedha za ushuru zikishaingia kila mtu huwa na lake.

Huku juu Umakondeni hatuna mto. Mchanga hunywa mvua yote, nayo maji huja kutokeza mabondeni. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1950 tunategemea pampu za kutupandishia maji kutoka bondeni Mitema. Najua mradi wa maji wa miji 28, wa mkopo wa India, umeifikia Makonde pia. Tunaupokea kwa mikono miwili, ila mtoto wa darasa la kwanza hanywi mkataba.

Na Mnyambe inakua, na kiu yake nayo. Mwenye uwezo amejichimbia kisima cha saruji uani, anakinga mvua za Desemba hadi Aprili, kiangazi anamuuzia jirani kwa ndoo. Simlaumu. Ninachouliza ni kwa nini shule na zahanati, zenye mabati mapana kuliko ya tajiri yeyote kijijini, nazo zisikinge.

Hesabu yake haitaki mhandisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, na paa lisipokuwa na gata, zote huishia kuchimba makorongo uwanjani.

Naomba jengo jipya la umma lisiidhinishwe bila gata na tenki ndani ya makisio yake. Kwa majengo ya zamani, itengwe sehemu ya ushuru wa mazao, ule ulioshushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara mwaka 2017. Kila tenki liwe na kamati, ufunguo na daftari. La umma lisilo na mwenyewe hufa mapema (wote tunalijua hilo, ingawa mkutanoni hatulisemi).

Liwekwe pia bomba la kumwagia mvua za kwanza. Salfa tunayopulizia mikorosho wakati wa kiangazi hutua mpaka juu ya mabati, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe ainywe.

Gata hufungwa kwa siku chache, lakini tenki la saruji lazima likomae kabla ya kupokea maji. Tafadhali mtume fundi aje kupima mapaa mwezi huu, tuwahi mvua za Desemba.

Wako,
Mkazi wa Mnyambe