Kitabu Kisichowekeka Wakfu

Katika zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, matbaa ya Kisultani ilianza kupiga chapa Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha sheria ya madhehebu ya Ibadhi chenye juzuu 90, ambacho hapo kabla hakikupatikana ila kwa kunakiliwa kwa mkono. Kazi ile haikukamilika. Lakini kila juzuu iliyotoka ilikuwa milki ya aliyeipata, akitaka akairithisha, akitaka akaitoa hiba, akitaka akaiweka wakfu ili wanafunzi waisome baada yake.

Nayataja hayo kwa kuwa maktaba zetu za sheria, za mahakama na za vyuo vikuu, zimefikiwa na mageuzi yasiyopungua yale, nayo ni kuingia kwa vitabu vya elektroniki. Na wenye kuyapendelea wana hoja ambazo mtu wa Paje atazifahamu upesi kuliko mtu wa mjini. Kijiji hiki cha pwani ya mashariki, kilicho kiasi cha kilomita 50 kutoka Mji Mkongwe, ambacho mwaka 1989 kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kulima mwani wa biashara, leo kimejaa mahoteli na wageni wanaoteleza baharini kwa tiara, na ardhi iliyokuwa ya minazi na mawe imepata thamani. Na penye thamani hapakosi daawa. Mtu anayeletewa mkataba wa kukodisha kiwanja chake, akaambiwa atie saini kabla ya magharibi, atafaidika nini na Sheria ya Umiliki wa Ardhi, nambari 12 ya 1992, ikiwa nakala yake imefungiwa kabatini mjini? Leo anaweza kuitafuta kwa simu, na hukumu nyingi za mahakama zetu zasomwa bila ya malipo katika tovuti ya ZanzibarLII. Hilo ni jambo jema, wala sioni haja ya kulijadili zaidi.

Mashaka yangu yako kwingine. Aghlabu maktaba inapolipia kitabu cha elektroniki hainunui kitabu. Inakodi ruhusa ya kukisoma kwa muda na kwa masharti. Wanafiqhi wetu walikwisha kuipambanua hali hiyo zamani: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mpangaji hawezi kuiweka wakfu nyumba aliyoikodi, maana alicho nacho ni manfaa tu, na dhati ya kitu imebaki kwa mwenyewe. Na mwenyewe akitaka chake hukichukua. Mwezi wa Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta, ndani ya vyombo vya wateja wake, nakala za riwaya mbili za George Orwell walizokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki nazo; na mwaka 2019 Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu, wateja walirejeshewa fedha zao na vitabu vikatoweka.

Kwa msomaji wa riwaya hayo ni maudhi. Kwa maktaba ya sheria ni msiba, kwa sababu sheria iliyofutwa haifi. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya mwaka 2004 imefuatwa na nambari 6 ya 2018, na mtu anayeshitakiwa leo kwa kosa la mwaka 2016 hupimwa kwa ile ya zamani, ilhali mchapishaji wa kielektroniki, ambaye fahari yake ni kuwa na toleo jipya daima, anaweza kuliondoa la kale bila ya hata kuaga. Karatasi, kwa uzito wake wote, husahaulika rafuni ikangoja kuhitajiwa.

Wako wanaokumbusha giza la mwaka 2008, Unguja ilipokaa mwezi mzima bila ya umeme, na lile la Disemba 2009 hata Machi 2010. Hoja hiyo naiona dhaifu, kwani faili lililohifadhiwa ndani ya kompyuta yetu husomeka kwa betri au kwa jua. Lisilosomeka ni lile linalopaswa kwanza kuomba idhini ng'ambo.

Basi vitabu vya ufafanuzi vya Uingereza, vinavyochakaa kila mwaka, na vikodiwe bila ya majuto. Lakini ripoti za kesi za Zanzibar, ambazo hukumu zake zaanzia mwaka 1868, na hukumu za makadhi, na kila toleo la sheria zetu, yafaa tuzitie wenyewe katika mfumo wa elektroniki, nakala moja ikae Mahakama Kuu, moja Nyaraka Kilimani, na moja Pemba. Na mkutubi anayeletewa mkataba wa mchapishaji asiulize bei kwanza. Aulize, fedha zikikoma mwakani, ni kurasa zipi zitakazobaki mkononi mwake, na jibu hilo aliandikishe ndani ya mkataba kabla ya kutia saini.