Komite Inasema Kiswahili, Karatasi Inasema Kifaransa

Katika kijitabu hiki wenzangu wameandika juu ya ngoma, mahari na majina ya watoto. Mimi naleta desturi ingine, ya siku hizi, ambayo hakuna anayeiita desturi: tunazungumza kwa Kiswahili, tunaandika kwa Kifaransa, kisha tunatia sahihi juu ya karatasi ambayo nusu ya mkutano haiielewi. Inafanyika Kasongo, inafanyika Kabambare, katika komite za wazazi, za afya, za maji, katika koperative, hata ndani ya mashirika ya utamaduni. Nasema kama desturi hiyo inaharibu mashirika yetu kuliko wizi wa feza, sababu ndiyo inayomfungulia mwizi mlango.

Katika komite moja ambayo sitaitaja, watu walikataa kabisa kutoa mchango wa pili mbele ya kuona hesabu ya mchango wa kwanza. Walikataa kwa sauti, mama mmoja alisimama mara mbili. Rapore ilipotoka, iliandikwa kama wakaaji "wamesensibilishwa juu ya mchango". Hakuna uongo ambao hakimu angeweza kuushika hapo. Lakini watu waliosema "hapana" wamegeuka watu waliofundishwa. Prezida alitia sahihi, trezoriye akatia, na wale waliokataa wakatia vilevile.

Nianze na neno ninalolijua kwa kazi yangu. Mwaka 1992 walimu waligoma, mshahara wa serikali ulikuwa umekufa. Kuanzia mwaka 1993 wazazi walikubaliana, pamoja na Kanisa katoliki, kulipa walimu wenyewe ili masomo yasife. Katika tendo hilo sioni haya. Haya iko katika jina. Feza ile haikuitwa mshahara, wala msaada wa wazazi. Iliitwa motivasio. Fikirini vizuri: mshahara ni haki ya mtu aliyekwisha kutumika, lakini motivasio ni kitu unachompa mtu ili apate hamu ya kutumika. Basi mwalimu aliyeitwa hivyo miaka na miaka alijifunza kama bila motivasio kazi si yake. Mzazi alijifunza kama yeye ndiye anamfanyisha mwalimu kazi, kwa hiyo mtoto wake apite tu. Na serikali ikapumzika. Leo neno limetoka shuleni limeingia vijijini. Mwite mtu asafishe kisima anachokunywa yeye mwenyewe, atakuuliza: "Motivasio iko?"

Kisha ikaja gratuité, mwezi wa tisa 2019. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imekwisha kuiahidi kwa shule za msingi za serikali. Sisi tuliitafsiri "masomo ya bure". Lakini bure kwetu ina maana mbili: bila malipo, na bila faida. Umekuja bure. Umesema bure. Nimesikia wazee wakicheka: "Masomo ni ya bure, basi na mwalimu ni wa bure." Katika shule ninazozijua, mikutano ya wazazi imepungukiwa na watu tangu hapo, juu ya mzazi anasema: sikulipa kitu, nitasema nini? Kumbe bei iko palepale, inalipwa na hazina ya serikali, maana yake na kodi tunayotoa sokoni kila siku. Tungalisema "masomo yanayolipwa na kodi", mzazi angalikuja kuuliza kodi yake imekwenda wapi.

Mtu asidhani kama nasifu Kiswahili tu. Lugha hii yenyewe ilitembea hapa na misafara ya Tippu Tip, na nyampara alikuwa mkubwa wa wapagazi. Dhanis alipokamata Kasongo mwezi wa nne 1893, serikali ya wazungu haikuitupa lugha hiyo, iliiokota. Ilipoleta pamba ya lazima, kuanzia 1917, mkulima wa Maniema aliamriwa kwa Kiswahili. Profesa Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilitoka 1986: ameonyesha namna Kiswahili cha Kongo ya Wabelgiji kilivyotengenezwa kiwe lugha ya kazi na amri, hata vile vitabu vidogo vya kufundishia wazungu vilijaa maneno ya kuamuru. Alama ingali juu yetu. Angalieni prezida wa shirika akikamata neno: sauti ni ya kapita.

Mashimo ya zahabu yanatuonyesha jambo hilo vizuri. Kodi ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inaomba wachimbaji wadogo waingie katika koperative. Koperative maana yake ni wengi wenye mali moja. Lakini mwenye kusimamia shimo, hapa kwetu sawa na kule Kivu, anaitwa PDG! Umekwisha kumwita mtu PDG, utamwomba hesabu namna gani? Yeye atakaa sawa na PDG, na wengine watakuwa krezere wake, hata kama karatasi inawaita wanachama.

Kuna neno lingine, la proje: benefisieri. Neno hili halina mdomo. Benefisieri anapanga mstari, anaweka kidole katika wino, anapokea, anarudi nyumbani. Pompe ikiharibika, hasemi "pompe yetu", anasema "pompe ya bale bazungu imekufa". Munamkasirikia juu ya nini? Tulimwandika hivyo sisi wenyewe. Tangu 1971 waganga waliotumika na Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerpen walipanga hapa santre za afya kuzunguka hospitali moja, na mwaka 1981 gazeti la Lancet lilitoa maandishi yao juu ya chanjo ya surua Kasongo. Kazi nzuri, siidharau. Waganga wa mbali wanaijua Kasongo kwa sababu hiyo. Lakini mama ambaye mtoto wake alihesabiwa, alisomea wapi ile hesabu?

Najua wenzangu watajibu kama maneno hayajazi tumbo. Watanikumbusha miaka ya Mobutu, tulipokatazwa kusema "monsieur" tukaitana "citoyen", na biro ikabaki na bwana wake palepale. Ni kweli. Ndiyo maana siombi tubadili majina halafu tulale. Naomba tubadili karatasi. Rapore ya mkutano iandikwe kwa lugha ya mkutano, isomwe kwa sauti mbele ya sahihi, na mtu akisema "mimi sikusema hivyo" isahihishwe palepale. Katika baraza za wazee neno halikufungwa mpaka wenye neno walisikie. Partenere anataka Kifaransa? Apewe kopi ya Kifaransa. Katiba yenyewe, kifungu cha 142, inaagiza serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa ndani ya siku sitini. Kama sheria ya nchi inastahili Kiswahili, rapore ya kisima ni nani?

Na sisi wasomi tuseme ukweli: Kifaransa cha rapore ni shamba letu, tunavuna humo peke yetu.

Shirika letu halina usafi zaidi. Statuti iliyo katika sanduku la sekretere ni Kifaransa tupu. Nimejaribu kuweka kwa Kiswahili sehemu ya wanachama: kurasa mbili, jioni tatu. Nilikwama kwa "membre effectif" na "membre sympathisant". Wamama wetu wengi wameandikwa katika hao wa pili. Wanatoa mchango sawasawa na sisi, wanapika siku ya sikukuu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kama sympathisant hapigi kura. Mimi nimeandika: "mwanachama anayelipa, asiyepiga kura". Sekretere amesema hiyo ni tafsiri mbaya. Basi alete ile nzuri kwenye mkutano mkuu, aisome kwa sauti, wamama wakiwa wamekaa.