Kutoka Fordow hadi Kibera

Kiwanda cha Fordow, ambako Iran ilirutubisha madini ya urani ndani ya mlima karibu na mji wa Qom, kilijulikana kwa walimwengu mwaka 2009. Kilichimbiwa chini ya mwamba ili mabomu yasikifikie. Lakini ngao yake ya kweli ilikuwa mkataba wa 2015, uliosimamisha urutubishaji pale na kuwaruhusu wakaguzi kuingia. Marekani ikajitoa 2018, Iran ikarudia kazi hadi kiwango cha asilimia 60, na tarehe 22 Juni 2025 ndege za Marekani zikaupiga mlima.

Sisi tunaingiaje? Mafuta yetu hutoka Ghuba, yakashushwa hapa bandarini Mombasa. Vita vile vilitikisa bei duniani. Katikati ya Julai, EPRA ilipandisha mafuta taa Nairobi kwa zaidi ya shilingi 9 kwa lita, yakapita 156.

Mwenye gesi hakushtuka. Aliyelipa ni mama wa Kibera na Kawangware, anayenunua mafuta ya kupimiwa ili awashe stovu.

Basi Kenya isiwe mtazamaji. Ishinikize wakaguzi warudi na mazungumzo yafufuliwe. Mlima ule uko mbali, ila moto wake unatufikia jikoni.